Sura ya Tisa: Nani Huikagua Debaga?

Kila anayetumia simu au kompyuta amewahi kujiuliza: programu ikigoma ghafla, mafundi hujuaje kilichoharibika ndani yake? Programu haina kifuniko cha kufungua wala waya wa kushika.

Jibu la kwanza ni jepesi. Mafundi wana chombo kiitwacho debaga, yaani programu inayoweza kusimamisha programu nyingine katikati ya kazi na kuonyesha yaliyomo ndani yake. Lakini jibu hilo huzaa swali la pili, na hilo ndilo zito. Debaga nayo ni programu. Imeandikwa na watu, na watu hukosea. Ikionyesha kitu ambacho hakipo, nani atagundua?

Sura hii inalijibu swali la pili kwa kufuata amri moja tu ya debaga, ile inayosoma kumbukumbu ya kompyuta. Katika GDB, debaga ya mradi wa GNU ambayo Richard Stallman aliianza mwaka 1986, amri hiyo huandikwa kwa herufi moja: x. Ni amri fupi sana, lakini kuithibitisha kwamba inasema kweli ni kazi inayohitaji akili, subira na uaminifu mkubwa.

Kumbukumbu ni nini?

Kumbukumbu ya kompyuta ni mfululizo mrefu sana wa namba ndogo. Picha, jina la mtu, salio la akaunti, hata maelekezo ya programu yenyewe, vyote hukaa humo vikiwa namba. Ili tuelewane, tufafanue maneno matatu:

- *Baiti* ni namba moja ndogo ndani ya kumbukumbu. Thamani yake huanzia 0 na kuishia 255.
- *Anwani* ni namba ya mahali baiti inapokaa. Kila baiti ina anwani yake.
- *Heksadesimali* ni hesabu inayotumia tarakimu 16 badala ya 10: 0 hadi 9, kisha a hadi f. Namba za aina hii hutanguliwa na alama 0x. Kwa mfano, 0x48 ni sawa na 72 ya kawaida. Wanaprogramu huipenda kwa sababu baiti yoyote huandikika kwa tarakimu mbili tu.

Jambo la kukumbuka ni kwamba baiti haijui maana yake. Baiti yenye thamani 72 haisemi kama ni umri wa babu au ni herufi H. Maana huletwa na anayeisoma. Kwa hiyo anayeuliza debaga hana budi kusema mambo mawili: nisomee wapi, na nisomee kama nini.

Tuchukue programu ndogo ya lugha ya C yenye mistari hii:

    char neno[] = "HABARI";
    int namba = 15;

Tukiisimamisha programu hiyo kwa GDB na kuandika `x/s &neno`, tunaomba isome kwenye anwani ya `neno` na ituonyeshe kama maandishi. Jibu sahihi ni "HABARI". Tukiandika `x/7xb &neno`, tunaomba baiti saba zilezile kwa heksadesimali, na jibu ni hili:

    0x48  0x41  0x42  0x41  0x52  0x49  0x00

Hizo ni H, A, B, A, R, I, kisha sifuri inayoonyesha kwamba neno limeisha. Tukiandika `x/7db &neno`, tunapata 72, 65, 66, 65, 82, 73 na 0. Baiti ni zilezile, namna ya kuzisoma ndiyo iliyobadilika.

Herufi zinazofuata alama ya mkwaju hubeba mambo matatu. Namba husema vipande vingapi visomwe. Herufi ya muundo husema visomwe vipi: x ni heksadesimali, d ni desimali, t ni namba za 0 na 1 tupu, c ni herufi, s ni maandishi, i ni maelekezo ya prosesa. Herufi ya ukubwa husema kila kipande kiwe na baiti ngapi: b ni moja, h ni mbili, w ni nne, g ni nane. Zidisha miundo hiyo kwa ukubwa huo, ongeza aina za prosesa na mifumo endeshi, utaona kwamba amri ya herufi moja ina sura nyingi mno za kukaguliwa na mtu kwa mkono.

Debaga ikidanganya

Fikiria mtu anayetafuta kasoro. Programu yake inatoa hesabu mbaya. Amekwisha kutilia shaka kila kitu: msimbo alioandika, maktaba alizoazima, hata mashine yenyewe. Kitu kimoja tu hajakitilia shaka, nacho ni debaga, kwa sababu ndiyo anayoitumia kuyapima hayo mengine yote.

Sasa chukua kwamba `namba` imeharibika na kuwa 0, lakini debaga kwa kosa lake inaonyesha 15. Mtu huyo ataisafisha sehemu yenye hatia na kwenda kutafuta pasipo na kosa. Siku zitapita. Huenda mwishoni akarekebisha kitu kizima, akaongeza kasoro ya pili juu ya ile ya kwanza. Programu yenye kasoro huumiza watumiaji wake. Debaga yenye kasoro humpoteza fundi anayejaribu kuwasaidia watumiaji hao, na humpoteza akiwa amejaa imani.

Tatizo hili la chombo cha kupimia tunalifahamu sokoni. Mizani ya muuza nyama haiaminiwi kwa sababu inang'aa. Mkaguzi wa vipimo huja na jiwe ambalo uzito wake unajulikana tangu mwanzo, huliweka juu ya mizani, na kutazama inasema nini. Ikisoma tofauti, kosa ni la mizani, hakuna ubishi. Majaribio ya debaga hufuata kanuni hiyohiyo: uliza swali ambalo jibu lake unalijua kabla hujauliza.

Jaribio la kiotomatiki hujengwaje?

Jaribio la kiotomatiki ni jaribio ambalo kompyuta hulifanya yenyewe tangu mwanzo hadi hukumu, bila mtu kukaa mbele ya skrini. Lile la amri ya kusoma kumbukumbu huwa na sehemu tatu:

1. Programu ya mfano, ndogo, ambayo mwandishi wa jaribio ameijaza thamani anazozijua.
2. Swali, yaani amri yenyewe itakayopelekwa kwa debaga.
3. Jibu linalotarajiwa, lililoandikwa mapema.

Kwa upande wa GDB, kazi ya kuuliza na kusikiliza hufanywa na mfumo uitwao DejaGnu, ambao Rob Savoye aliuandika katika kampuni ya Cygnus mwanzoni mwa miaka ya 1990. DejaGnu imejengwa juu ya programu ya Expect ya Don Libes, ambayo kazi yake ni kuzungumza na programu nyingine kana kwamba ni mtu anayechapa kwenye kibodi, kisha kusubiri jibu fulani lije. Libes aliitengeneza akiwa katika NIST, taasisi inayosimamia viwango vya vipimo nchini Marekani. Expect nayo inategemea lugha ya Tcl, iliyobuniwa na John Ousterhout katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley.

Jaribio moja la GDB linaweza kuwa mstari mmoja tu:

    gdb_test "x/s &neno" "\"HABARI\"" "soma neno"

Sehemu ya kwanza ndani ya alama za kunukuu ni swali. Ya pili ni jibu linalotarajiwa. Ya tatu ni jina la jaribio, ili likifeli mtu ajue ni lipi. Mashine huanzisha GDB, huipakia programu ya mfano, huisimamisha mahali palipopangwa, huuliza, husikiliza, kisha huandika hukumu. Hukumu zenyewe ni zaidi ya mbili, na kila moja ina maana yake:

- PASS: jibu limekuja kama lilivyotarajiwa.
- FAIL: jibu limekuja tofauti. Kuna kazi ya kufanya.
- KFAIL: limefeli, lakini kasoro hiyo ya GDB inajulikana na imekwisha kuandikwa kwenye orodha ya kasoro.
- XFAIL: limefeli kwa sababu iliyo nje ya GDB, kama vile kasoro ya mfumo endeshi.
- UNSUPPORTED: mashine hii haina uwezo unaojaribiwa, kwa hiyo swali halina maana hapa.
- UNTESTED: jaribio halikufanyika.

Mtu anaweza kuona mgawanyo huu ni ukarani. La hasha. Kundi la majaribio lenye PASS na FAIL peke yake hulazimisha watu kuficha mambo. Lililoshindikana kwa sababu ya mashine litafutwa, na ambalo halikufanyika litahesabiwa kuwa limefaulu. Kusema wazi "hili sikulijaribu" ni sehemu ya ukweli ambao chombo cha kupimia kinadaiwa.

Debaga nyingine mashuhuri, LLDB ya mradi wa LLVM, iliyotangazwa hadharani na Apple mwaka 2010, ina amri ya kazi hiyohiyo iitwayo `memory read`. Majaribio yake mengi yameandikwa kwa lugha ya Python. Lugha imebadilika, lakini sehemu tatu ni zilezile: programu yenye thamani zinazojulikana, swali, na jibu lililowekwa mapema.

*Kwa ufupi: jaribio zuri huanza na ukweli unaojulikana, huuliza swali moja bayana, na hutoa hukumu isiyoficha kitu.*

Mitego minne

Mstari mmoja wa jaribio huonekana rahisi. Ugumu hujitokeza jaribio lilelile linapotakiwa kusema kweli kesho, kwenye mashine nyingine, mikononi mwa mtu mwingine.

*Mtego wa kwanza: anwani hubadilika.* Mifumo endeshi ya leo huhamishahamisha mahali programu inapokaa kwenye kumbukumbu kila inapoanzishwa, ili kumnyima mdukuzi uhakika wa wapi pa kushambulia. GDB kwenye Linux huuzima uhamishaji huo kwa programu inayoianzisha yenyewe, lakini hata hivyo toleo tofauti la kikusanyaji, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa maelekezo ya mashine, linaweza kukiweka kitu mahali pengine. Kwa hiyo anayeandika jaribio hathubutu kuandika anwani kamili kwenye jibu. Badala yake huandika ruwaza, maana yake maelezo ya umbo la maandishi yanayokubalika: "0x, kisha tarakimu zozote za heksadesimali". Anwani huachiwa uhuru, thamani hubanwa.

*Mtego wa pili: baiti hupangwa kwa namna mbili.* Rudi kwenye `neno`. Tukiomba baiti nne za mwanzo zisomwe kama namba moja, `x/1xw &neno`, kompyuta ya Intel itatoa 0x41424148. Ukizikagua baiti zenyewe unakuta 48, 41, 42, 41, yaani zimesomwa kutoka nyuma. Kompyuta hizo huanza na baiti yenye uzito mdogo. Mashine kubwa za IBM, zile zinazotumiwa na mabenki mengi duniani, huanza na yenye uzito mkubwa, na jibu lake ni 0x48414241. Majibu yote mawili ni sahihi, kila moja kwa mashine yake. Jaribio lililoandikwa kwenye Intel bila kulifikiria hili litaihukumu vibaya debaga isiyo na kosa. Anayejua kazi huiuliza kwanza mashine inapanga vipi, ndipo achague jibu la kutarajia.

*Mtego wa tatu: ruwaza legevu.* Huu ni wa hatari kwa sababu hauonekani. Tuseme tunataka kuhakikisha kwamba thamani fulani ni 5, tukaandika ruwaza "5" peke yake. Chombo cha `gdb_test` huhakikisha kwamba jibu linaishia pale ruwaza inapoishia, lakini hakisemi lolote kuhusu kilichotangulia. Debaga ikijibu 15, mwisho wake ni 5, na jaribio litapita. Ikijibu 125, litapita. Ikijibu -5, litapita pia. Dawa yake ni kubana pande zote mbili: andika kwamba kabla ya 5 kuna jina la kitu, nukta mbili na nafasi ya tabo, basi. Ruwaza inayokubali chochote haikagui chochote.

*Mtego wa nne: jibu halifiki kwa mkupuo.* Expect husikiliza debaga kama mtu anayesikiliza mwenzake kwa simu. Maneno hufika vipande vipande. Jaribio linaweza kuona mwanzo wa jibu, likatoa hukumu, huku nusu ya pili bado iko njiani. Nusu hiyo huangukia kwenye swali linalofuata na kulivuruga. Ubaya ni kwamba leo litapita na kesho litafeli, kwa sababu kasi ya mashine hubadilika kulingana na kazi nyingine inazofanya. Watu wa GDB wametengeneza dawa ya kuvutia: ukiandika `make check-read1`, Expect hulazimishwa kusoma herufi moja moja. Kila jaribio lenye haraka hufichuka papo hapo, kwa kuwa ruwaza inayokubali nusu ya jibu huikubali kabla nusu ya pili haijafika.

Kuuliza pasipo na jibu

Majaribio tuliyoyaona huuliza mambo yaliyopo. Lakini uaminifu wa shahidi hupimwa zaidi pale anapoulizwa asichokijua. Je, atakiri au atabuni?

Kwa programu za kawaida, anwani 0 haina kitu, na mfumo endeshi huizuia makusudi. Ukiandika `x/xw 0`, GDB inatakiwa ijibu: "Cannot access memory at address 0x0", maana yake haiwezi kuifikia kumbukumbu kwenye anwani hiyo. Debaga inayojibu sifuri hapo imesema uongo, kwa sababu sifuri ni thamani, na "sikuweza kusoma" si thamani. Jaribio la swali hili lina haki ya kuwepo sawa na lile la kusoma HABARI.

Mpaka wa kumbukumbu ni mahali penye mengi zaidi ya kujifunza. Mfumo endeshi hugawa kumbukumbu kwa kurasa, yaani vipande vya ukubwa mmoja, ambavyo kwenye kompyuta nyingi za Intel huwa na baiti 4096. Programu huruhusiwa kugusa ukurasa mmoja na kukatazwa unaofuata. Mwandishi wa jaribio hufanya hivi: anaomba kurasa mbili zinazofuatana, anaurudisha wa pili kwa mfumo, kisha anaweka baiti nne anazozijua mwishoni kabisa mwa ule wa kwanza, tuseme 1, 2, 3 na 4. Halafu anaiuliza debaga baiti nane kuanzia hapo.

Jibu sahihi lina nusu mbili. GDB inapaswa kutoa 0x01, 0x02, 0x03, 0x04, kisha iseme kwamba haiwezi kuendelea, na itaje anwani ambayo imeshindwa kuisoma, ambayo ni ya kwanza ya ukurasa wa pili. Ikikataa ombi zima, imemnyima fundi baiti nne zilizokuwapo. Ikijaza nne za mwisho kwa sifuri, imebuni. Ikitaja anwani isiyo yenyewe, itampeleka fundi kubaya. Swali moja linakagua mambo matatu. Na hapo kuna tahadhari: kompyuta za Apple zenye prosesa zao wenyewe hutumia kurasa za baiti 16384. Kwa hiyo ukubwa huo hauandikwi kwenye jaribio kana kwamba ni sheria, mfumo endeshi huulizwa.

LLDB ina mpaka wa aina nyingine. Kwa kawaida `memory read` hukataa kusoma zaidi ya baiti 1024 kwa mkupuo, ili kosa la kuandika namba lisimwage maelfu ya mistari kwenye skrini. Anayetaka zaidi huongeza neno `--force`. Mpaka kama huo hukaguliwa pande zote mbili: 1024 lazima ikubaliwe, 1025 lazima ikataliwe, na 1025 yenye `--force` lazima ikubaliwe tena. Makosa mengi ya programu hukaa hasa hapo, kwenye tofauti ya moja.

Mwaka 2016, toleo la 7.12 la GDB liliruhusu amri ya x isome kurudi nyuma, kwa kuandika namba hasi, kama `x/-3`. Kwa namba za ukubwa mmoja ni kutoa tu. Kwa maelekezo ya prosesa, mambo ni magumu. Elekezo moja la Intel linaweza kuwa na baiti 1 au hata 15, na ukisimama katikati ya kumbukumbu huna njia ya kutazama nyuma ukajua lililotangulia lilianzia wapi. GDB hutumia jedwali linalounganisha mistari ya msimbo na anwani zake: hupata mahali panapojulikana kuwa mwanzo wa elekezo, kisha husoma kwenda mbele hadi ifike ilipokuwa. Uwezo huo uliletwa pamoja na majaribio yake, na ndivyo inavyostahili. Kitu kigumu kiasi hicho kikiachwa bila mlinzi, badiliko dogo la baadaye litakivunja na hakuna atakayejua.

*Kwa ufupi: uliza yaliyopo, uliza yasiyopo, na uliza pale yaliyopo yanapokutana na yasiyopo.*

Baiti iliyofichwa

Kuna jaribio moja linaloonyesha vizuri kwa nini kazi hii hutaka uelewa wa ndani.

Debaga husimamisha programu kwa kuweka alama ya kusimamia. Kwenye prosesa za Intel, alama hiyo kwa kawaida ni baiti moja, 0xCC, inayoandikwa juu ya baiti ya kwanza ya elekezo lililochaguliwa. Prosesa ikifika hapo, husimama na kuikabidhi debaga usukani. Baiti ya asili huwa imehifadhiwa pembeni.

Sasa fundi akiomba kusoma kumbukumbu mahali hapo, aonyeshwe nini? Aonyeshwe ya asili, kwa sababu anachunguza programu yake, hachunguzi vifaa vya debaga. Akiona 0xCC ambayo hakuiandika, atadhani kumbukumbu yake imeharibiwa. Kwa hiyo jaribio ni hili: soma baiti za kipande fulani cha msimbo, weka alama ya kusimamia, soma tena, linganisha. Lazima zifanane.

Jaribio hilo likiandikwa hivyo tu, linaweza kupita bila kukagua chochote. Kwa kawaida GDB huziondoa alama zake kwenye kumbukumbu kila programu inaposimama, na huzirudisha pale inaporuhusiwa kuendelea. Wakati wa kusoma, basi, 0xCC haipo, na hakuna cha kufichwa. Ili jaribio liwe na maana ni lazima kwanza uandike `set breakpoint always-inserted on`, amri inayoilazimisha GDB iache alama zikae palepale muda wote. Hapo ndipo uwezo wa kuficha hukaguliwa kweli.

Lione likifeli kwanza

Mfano huo unatuleta kwenye kanuni ambayo ningependa kila kijana anayejifunza kuandika programu aishike: jaribio ambalo halijawahi kuonekana likifeli halijathibitisha kitu.

Kuifuata si vigumu. Kabla ya kuliamini jaribio jipya, fanya mambo haya:

1. Badilisha thamani kwenye programu ya mfano, kutoka HABARI kuwa HABARE, lakini usiguse jibu linalotarajiwa. Jaribio likipita, ruwaza yako ni legevu.
2. Haribu kwa makusudi sehemu ya debaga inayokaguliwa, uijenge upya, uendeshe jaribio. Likipita, halifiki pale unapodhani linafika.
3. Rudisha kila kitu, kisha liendeshe mara nyingi mfululizo. Likifeli hata mara moja, lina mtego wa wakati.
4. Liendeshe kwenye mashine ya aina nyingine kama unayo, hasa yenye mpangilio tofauti wa baiti.

Baada ya hapo, kazi hukabidhiwa mashine. Miradi kama GDB na LLVM ina kompyuta ambazo hazifanyi jingine ila kuchukua mabadiliko mapya, kuyajenga na kuyapitisha kwenye majaribio, usiku na mchana, kwenye prosesa na mifumo tofauti. Mtu anayebadilisha mstari mmoja leo hahitaji kukumbuka kila kilichowahi kuvunjika miaka iliyopita. Majaribio yanakumbuka kwa niaba yake. Kwa kawaida kasoro iliyorekebishwa huacha jaribio nyuma yake, na kasoro hiyo ikijaribu kurudi hukamatwa kabla haijamfikia mtumiaji.

Tujumlishe

- Debaga ni programu, na kama programu yoyote, inaweza kukosea.
- Huthibitishwa kwa maswali ambayo majibu yake yanajulikana kabla.
- Jibu linalotarajiwa libanwe kwenye thamani na liachiwe kwenye anwani.
- Kukiri "siwezi kusoma" nako ni jibu, na hujaribiwa kama majibu mengine.
- Jaribio lenyewe hukaguliwa kwa kulifanya lifeli makusudi.

Haya hayawahusu watengenezaji wa debaga peke yao. Anayeandika programu ya kuonyesha salio la chama cha kuweka na kukopa, ya kusoma mita ya maji, au ya kutoa majibu ya maabara hospitalini, naye anatengeneza shahidi ambaye watu watamwamini bila kumwona. Na akitaka mfano wa kufuata, hana haja ya kulipa chochote. GDB na LLDB ni programu huria, na majaribio yake yote yako wazi kwa mtu yeyote mwenye intaneti, Mwanza sawa na Mombasa au Bujumbura. Pakua msimbo wa GDB, ujenge, andika `make check`, kisha fungua faili la `gdb.sum` uone hukumu moja baada ya nyingine. Chagua jaribio moja dogo la amri ya x, lisome hadi ulielewe, halafu liharibu kwa mkono wako ulione likifeli. Ukifika hapo, andika la kwako.